Umehamishiwa Merigi na Hujui Kikipsigis

Barua ya uhamisho ikikuleta Merigi, katika eneo bunge la Bomet Mashariki, waliokutangulia watakutuliza kwa maneno yale yale: usihofu, huku kila mtu anajua Kiswahili. Wanasema kweli. Utapanga chumba, utanyolewa, utanunua sukari, utavutana na mtu wa bodaboda kuhusu nauli ya kwenda Bomet mjini, na hakuna mahali lugha itakukwamisha. Kisha muhula utaisha, na utakuta unajulikana na watu mia moja ambao hakuna hata mmoja wao anayebisha mlango wako jioni bila kuwa na shida ya kutatuliwa. Mwongozo huu ni wako wewe mwalimu, muuguzi, askari au karani uliyetoka Kakamega, Nyamira, Kitui au Mombasa, ukaangukia nchi ya chai ya Bomet na Kericho. Hoja yake ni moja. Kiswahili chako, kwa ufasaha wake wote, ndicho kinachokuweka katika ugeni, na njia ya kutoka humo si kujifunza Kikipsigis kwanza ndipo utafute marafiki. Ni kwenda kukaa mahali Kikipsigis kinaposemwa, ukiwa na kazi ya kufanya hapo, hali huelewi.

Tuanze na adabu ya wenyeji, maana ndiyo inayokuponza. Watu sita wamejikinga mvua ya alasiri kwenye baraza la duka, na huku mvua ya alasiri si habari. Wanazungumza Kikipsigis. Wewe ukifika, wote wanageukia Kiswahili: habari ya shule, habari ya kwenu, mvua imezidi. Dakika tano zinapita. Mazungumzo yanakauka, mmoja anamrudia mwenzake kwa Kikipsigis, kicheko kinaanza upya, nawe unatazama simu. Hakuna aliyekutenga hapo. Wamekuhurumia tu, wakakupa lugha ya kumpokea mgeni, na lugha hiyo haina mengi ya kusema baada ya salamu. Jambo hili si la Bomet peke yake. Mtu anayezungumza Kiingereza akihamia Montreal, mji wa Wakanada wasemao Kifaransa, hujitahidi kuagiza kahawa kwa Kifaransa na kujibiwa kwa Kiingereza, kwa sababu mhudumu amesikia lafudhi yake na anataka kumrahisishia. Tangu 1977 Kifaransa kina sheria ya kukilinda katika kazi na biashara za jimbo la Quebec, lakini sheria haiwezi kumzuia mtu mwema kumhurumia mgeni. Wapo wanaoishi mji huo miaka na miaka wakihudumiwa kwa Kiingereza kila mahali, na kualikwa nyumbani kwa watu kwa nadra sana.

Kwa nini dakika tano hazitoshi? Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti kuhusu muda ambao urafiki huhitaji. Alikadiria kwamba watu wasiojuana huhitaji kukaa pamoja saa kama 50 kabla ya kuitana marafiki wa kawaida, saa kama 90 kabla ya urafiki wenyewe, na zaidi ya 200 kwa rafiki wa karibu. Aliwachunguza Wamarekani, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama kipimo cha Merigi. Chukua uwiano wake. Dakika tano za salamu kila siku zitakufikisha kwenye saa 50 baada ya siku 600, na huenda barua nyingine ya uhamisho ikakukuta kabla hazijatimia. Lakini saa mbili za Jumapili, pamoja na saa moja na nusu za kikundi katikati ya wiki, zinakaribia saa 50 katika wiki 14, yaani karibu muhula mmoja wa shule. Hall aliona jambo jingine linalowahusu sana watumishi wa umma: saa za kazini, ambapo watu wamewekwa pamoja na mwajiri, huzaa urafiki kidogo kuliko saa ambazo watu wamechagua wenyewe kuwa pamoja. Basi usijidanganye kwamba chumba cha walimu kitafanya kazi hiyo kwa niaba yako. Kitakupa wenzako wa kazi, na wengi wao saa kumi jioni wanakimbilia nyumbani kukamua ng'ombe.

Utafiti wa zamani zaidi unaongeza neno. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walichapisha matokeo kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT. Walikuta kwamba urafiki ulifuata milango: jirani wa mlango wa pili alichaguliwa kuliko wa mbali kidogo, na waliokaa karibu na ngazi walifahamiana na wengi zaidi. Hapa kuna ushauri wa nyumba ambao hakuna dalali atakayekupa. Watumishi wengi wageni hupanga katika ploti moja Bomet mjini, mlango kwa mlango na wageni wenzao, kwa sababu kuna maji na stima ya uhakika, kisha wanasafiri kila asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Ploti hiyo inakuwa kijiji cha wageni. Jumamosi wanachoma nyama pamoja, wanalalamikia wenyeji pamoja, na miaka inapita. Wenzako hao usiwakimbie, maana ndio watakaokupeleka hospitali usiku wa kwanza utakapougua. Lakini kama unaweza kupata chumba katika boma la mtu, ndani kijijini, chukua hicho, hata kama bafu liko nje. Mtoto wa boma hilo atakufundisha Kikipsigis bure, tena bila kukuonea haya unapokosea.

Sasa, ukae wapi? Kanisa ni mahali pa kwanza, na hata usipokuwa mtu wa dini sana, fikiria jambo hili kwa makini. Katika nchi hii Africa Gospel Church, lililokua pamoja na misheni na hospitali ya Tenwek, lina mizizi mirefu, na wako Wakatoliki na makanisa mengine tele. Ibada ya kijijini kwa kawaida ni ya Kikipsigis, na mgeni hukimbilia ibada ya Kiswahili au ya Kiingereza mjini. Usikimbie. Beba Biblia yako ya Kiswahili na ununue ya Kikalenjin, uziweke wazi zote mbili. Mhubiri akitaja sura na aya, unasoma sentensi ile ile kwa lugha mbili huku ukisikia inavyotamkwa, na hakuna kitabu cha sarufi kitakachokupa mazoezi kama hayo. Kisha ingia kwaya. Mwimbaji anaweza kuimba maneno asiyoyaelewa bila mtu kumshangaa, na mazoezi yanakula saa nyingi sana, ambazo ndizo unazozitafuta. Na ibada ikiisha usiondoke. Urafiki wa kanisani hufanyika nje, kwenye nyasi, katika ile saa ambayo watu wamesimama tu wakiongea.

Pa pili ni kikundi, chama cha kuweka na kukopa, kile ambacho karani wake ana daftari lenye mistari ya wino mwekundu na kisanduku cha chuma chenye kufuli. Hapa elimu yako ina soko. Vikundi vinatakiwa kuandika kumbukumbu za mikutano ili kusajiliwa na kuomba mikopo, na kuandika ni kazi inayokwepwa. Jitolee kuwa mwandishi. Mkutano utaenda kwa Kikipsigis, nawe utalazimika kuuliza kila baada ya dakika mbili nini kimeamuliwa, na sasa kuuliza kwako si usumbufu tena, ni wajibu. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mgeni anayeomba atafsiriwe ni mzigo kwa wenzake, lakini mwandishi anayeuliza ili aandike sawasawa analinda maslahi ya kikundi. Ila jihadhari na kazi ya mweka hazina. Mgeni anayeshika pesa za watu ambao haelewi maneno yao anajitafutia kesi.

Pa tatu ni kituo cha majani ya chai. Wakulima wadogo wanaouza kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, na hapo kuna kungoja kwingi. Kikapu kinamwagwa, karani anakagua kama yamechumwa majani mawili na chipukizi au kama mtu ameficha magumu chini, mzani unasomwa, risiti inatoka, gunia linafungwa, lori halijafika. Huwezi kwenda kusimama hapo mikono mitupu, utaonekana mpelelezi. Nenda na mwenye nyumba wako, umbebee kikapu. Chuma naye Jumamosi moja. Utakuwa mchumaji mbovu, na watoto watakucheka, na kicheko hicho kina faida kuliko hotuba yoyote ya kujitambulisha. Utasikia mambo yanayowauma watu hawa kweli: bonasi ya Oktoba, na kwa nini mwaka hadi mwaka viwanda vya huku vinalipa chini ya vile vya Mlima Kenya, ardhi ya mashamba makubwa ya Kericho, ambayo familia za Kipsigis na za ukoo wa Talai zinasema zilinyang'anywa enzi za mkoloni, mashine za kuchuma chai, ambazo Mei 2023 waandamanaji walizichoma moto huko Kericho. Sikiliza. Usitoe suluhisho, na usifanye mzaha na jambo lolote kati ya haya matatu.

Halafu kuna matanga, harambee na koito, yaani mazungumzo ya mahari. Matangani nenda hata kama aliyefariki hukumjua. Kaa, toa ulicho nacho, saidia kupanga viti, ondoka wakati watu wanapoondoka. Koito ni kwa mwaliko, na ukialikwa umeshavuka mto. Utapewa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kibuyu kinatikiswa kabla ya kumiminwa, na maziwa yanatoka mazito, ya rangi ya majivu, yenye vitone vyeusi na ukali unaokaza taya. Kunywa. Kama tumbo lako halipatani na maziwa, pokea kikombe kwa mikono miwili, onja, na umwambie aliye karibu ukweli wako kwa sauti ya chini. Kukataa kwa uso uliokunjamana ndiko kutakakokumbukwa.

Kuhusu lugha yenyewe, usijitwishe mlima. Kikipsigis ni lugha ya Kiniloti, na mtu aliyezoea lugha za Kibantu si rahisi kubahatisha neno kwa kulifananisha na la kwao. Anza na *chamgei* ya kusalimu na *kongoi* ya kushukuru, kisha jifunze kumwita mzee *boiyot* na bibi *kogo*. Redio kama Kass FM, Chamgei FM na Kitwek ya KBC zitakuzoeza sikio, ingawa jirani zako watakuonya mapema kwamba Kikalenjin cha redioni kimechanganya Kinandi na Kikeiyo na si chao hasa. Kuna sentensi moja ya Kiswahili inayofaa kuliko msamiati wote huo, nayo ni hii: "Endeleeni na Kikipsigis, nikikwama nitauliza." Iseme kila wanapogeuza lugha kwa ajili yako. Mwanzoni hawatakuamini, wataona unajikaza. Irudie wiki ijayo. Ukiisema kwa dhati, na ukaonyesha uso wa mtu asiyeona haya kutoelewa, watakuzoea, na hapo utakuwa umepata kile ambacho Kiswahili hakingekupa: kukaa katikati ya mazungumzo ambayo hayakuandaliwa kwa ajili yako.

Utapinga kwamba watakusengenya mbele ya macho yako. Pengine. Lakini fikiri: mtu anayetaka kukusengenya ana siku nzima ya kufanya hivyo ukiwa hupo, hahitaji kusubiri ufike. Mazungumzo mengi usiyoyaelewa yanahusu ng'ombe, karo na mvua. Wageni wengi hujiumiza kwa hisia hii, wakawa wakali, wakaanza kudai Kiswahili kisemwe kila wanapoketi, wakapewa Kiswahili, wakabaki na salamu. Kazini ni tofauti. Katika mkutano wa idara, au mgonjwa anapojadiliwa wodini, una haki ya kudai lugha rasmi, na uidai bila kuomba msamaha. Kosa ni kuibeba haki ya ofisini ukaipeleka kwenye baraza la duka.

Pingamizi la pili lina heshima zaidi: Kiswahili ni lugha ya taifa, na kumtaka Mkenya ajifunze lugha ya kabila jingine ili apate marafiki ni kurudisha ukabila kwa mlango wa nyuma. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa, kweli. Ibara hiyo hiyo inaiagiza serikali ikuze matumizi ya lugha za asili. Tena haijaahidi urafiki. Kiswahili kilitupa njia ya kuuziana, kuhubiriana na kusikilizana mahakamani, na hiyo ni kazi kubwa ambayo nchi nyingi hazina lugha ya kuifanya. Lakini mtu akizaliwa na kuzikwa kwa lugha moja, akalia na kutania kwa lugha hiyo, huwezi kumjua kwa ile anayoitumia sokoni tu. Na mkabila ni nani hapa, yule anayekaa wiki 14 akisikiliza lugha ya jirani yake au yule aliyeishi Bomet miaka sita bila kujua salamu ya jioni?

La tatu haliwezi kupunguzwa kwa maneno matamu. Mapigano ya 1992, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwafukuza watu wa jamii nyingine katika sehemu za Kericho na Bomet, kwenye mashamba ya chai na mpakani mwa Sotik na Borabu. Waliofukuzwa walikuwa na majirani, na baadhi walikuwa wakifanya kazi bega kwa bega na wenyeji kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukiuliza kama urafiki unakinga, jibu la haki ni kwamba haukukinga kila mtu. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba jamii mbili kukutana tu hakuondoi chuki. Kunahitajika usawa wa hadhi, lengo moja, kushirikiana, na wakubwa wanaounga mkono. Kazi ya kibarua shambani, ambapo kila mtu anapimiwa kilo zake peke yake, ina machache kati ya hayo. Kikundi cha akiba kinayo karibu yote, na ndiyo sababu mwongozo huu unakusukuma huko. Mwaka wa uchaguzi usianzishe mazungumzo ya siasa, na usione kuwa na tahadhari ni kukosa imani. Ujue pia kwamba wapo watakaokuona umechukua nafasi ya mtoto wao, kwa sababu Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Huna haja ya kuitetea sheria hiyo kwenye kila kikombe cha chai.

Lakini historia ya hapa ina upande mwingine ambao hautajwi sana. J. G. Peristiany, katika kitabu chake cha 1939 kuhusu Wakipsigis, alieleza kwamba ujirani, yaani *kokwet*, haukujengwa juu ya ukoo. Watu wa koo tofauti waliishi pamoja, wakalima pamoja na kuamua kesi pamoja kwa sababu ya kukaa mahali pamoja, huku kila ukoo ukiwa umetawanyika nchi nzima. Ziko pia familia zenye asili ya Kisii na Kimaasai zilizopokewa zikawa Wakipsigis kamili. Mlango wa jirani, basi, ni wa kale kuliko siasa za miaka ya 1990. Ila mlango huo una mipaka, nawe iheshimu: Desemba ikifika na vijana wakienda jandoni, usiulize kinachofanyika huko, na usimwulize mtu kama yeye ni wa ukoo wa Talai.

Mwisho, pesa. Una mshahara wa mwezi, na hilo linajulikana kijijini kabla hujafungua mizigo. Michango ya karo, ya hospitali na ya harusi itakujia kwa simu. Toa kidogo, toa mara kwa mara, na nenda mwenyewe badala ya kutuma M-Pesa, kwa sababu pesa bila mwili inakufanya mfadhili, na mfadhili hana rafiki. Usikopeshe mwaka wa kwanza. Baa nayo ina urafiki wa haraka, lakini katika nchi ya walokole wengi kama hii, wale unaowapata baa ni wachache, na wake zao hawatakupenda.

Ukiripoti Jumatatu, usimalize wiki hiyo kabla hujafika kwa mzee wa kijiji. Mwambie jina lako, boma unalokaa na kazi iliyokuleta, kisha umwulize ni kikundi gani hakina mwandishi. Atakutajia zaidi ya kimoja.